Barua ya wazi kwa wanaogharimia utafiti wa masafa ya juu: tuonyesheni na vipimo vilivyoshindwa

KWA:
Wakuu wa mifuko ya umma inayogharimia utafiti wa mawasiliano,
Wenyeviti wa kamati zinazoandika viwango vya simu,
Wakuu wa mamlaka zinazosimamia masafa ya redio.

YAH: UTAFITI WA MASAFA YA JUU KWA MITANDAO YA SIMU IJAYO, NA VIPIMO VINAVYOFUNGIWA KABATINI

Waheshimiwa,

Kwanza nawasalimu kwa heshima mnayostahili. Pili nawaomba radhi kwa kuja kwenu hadharani, maana sikuanzia hapa. Barua yangu ya kwanza, ya kuomba vipimo vya mradi mmoja uliolipiwa kwa fedha za umma, ilijibiwa kwa sentensi moja: ombi limepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu ilijibiwa na ofisi ya uhusiano, wakanitumia kijitabu chenye picha za mji unaong'aa na magari yasiyo na dereva. Kikao nilichoahidiwa kiliahirishwa mara mbili, kisha hakikutajwa tena. Milango ya ndani nimeigonga mpaka vidole vimeota sugu.

Kazi yangu ni kupima mawimbi. Mimi nabeba mtambo wa kurushia, mwenzangu anabeba wa kupokelea. Tunasimama barabarani, kwenye ngazi, nyuma ya miti, ndani ya vyumba vilivyofungwa, tunaandika namba. Si kazi ya kupigiwa makofi. Lakini kila modeli inayokadiria mtandao ujao utafika wapi imezaliwa kwenye madaftari ya namna hiyo, na ndiyo maana naona nina haki ya kusema.

Wala siji kama mpinzani wa masafa ya juu. Mwanafizikia wa Kihindi Jagadish Chandra Bose alikuwa akifanya majaribio ya mawimbi ya milimita, yaani yenye urefu wa milimita chache, kule Calcutta katika miaka ya 1890, wakati redio haijawa hata biashara. Mwaka 2013, kundi la mtafiti wa redio Theodore Rappaport lilipochapisha vipimo vya gigahezi 28 (gigahezi moja ni mitikisiko bilioni moja kwa sekunde) vya mitaa ya New York, wengi tuliokuwa tukiapa kwamba masafa hayo hayafai kwa simu ya mkononi tulinyamaza, tukaenda kusoma upya. Mimi nilikuwa mmoja wao. Na kwa mawasiliano ya mnara kwa mnara, pale ambapo hakuna kinachosogea, gigahezi 71 hadi 86 zinafanya kazi nzuri kila siku bila mtumiaji kujua. Malalamiko yangu yanahusu namna mnavyoulipia utafiti huu, mnavyoupima na mnavyousimulia, hasa sasa macho yalipohamia juu ya gigahezi 100.

1. Zawadi inakwenda kwa rekodi ya kasi

Wito wa miradi niliousoma miaka hii una ugonjwa mmoja: namba ya kwanza inayoulizwa ni gigabiti ngapi kwa sekunde. Pendekezo la ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, la Novemba 2023 linalochora sura ya kizazi cha sita cha mitandao ya simu (6G), M.2160, linataja 50, 100 na 200 kama mifano ya kasi ya kilele. Ni mifano ya kufanyia utafiti, na limesema hivyo lenyewe. Ikishafika kwenye wito wa miradi, mifano hiyo inageuka kuwa utepe wa kumalizia mbio.

Rekodi zenyewe zinapatikanaje? Antena mbili zinafungwa kwenye stendi za miguu mitatu na kuelekezwa moja kwa nyingine kwa makini ya fundi saa. Hakuna anayeruhusiwa kupita katikati. Mitambo imejaa meza nzima na imechomekwa ukutani, na mara nyingi mawimbi yaliyopokelewa hurekodiwa kwanza, kompyuta ikayachambua baadaye kwa nafasi yake. Kwa fizikia ni kazi ya heshima, na waliofanya nawavulia kofia. Lakini tukumbuke kizazi cha tano nacho kiliandikiwa kilele cha gigabiti 20 kwa sekunde, wakati kasi ambayo mtumiaji wa mjini alipaswa kuipata, katika waraka huohuo wa masharti, ni megabiti 100. Tofauti ni mara 200. Kilele ni cha mtu mmoja aliye peke yake karibu na mnara. Sisi wengine tunagawana.

Kuna hesabu ambayo siioni kwenye taarifa kwa wanahabari. Mvuto wa masafa ya juu ni upana wa bendi, yaani kipande cha masafa unachopewa kutumia: badala ya megahezi 100 unapata gigahezi 10. Lakini kelele ya joto iliyomo ndani ya kila kipokezi huongezeka sawasawa na upana huo. Umepanua mlango mara 100, kelele nayo imeingia mara 100, yaani desibeli 20. Wakati huohuo nguvu ambayo chipu inaweza kurusha inashuka kadiri masafa yanavyopanda. Mwanahisabati Claude Shannon alishalipanga jambo hili mwaka 1948: kasi inatokana na upana, na pia na jinsi mawimbi yanavyoishinda kelele. Anayetangaza upana peke yake ametangaza nusu ya hesabu, tena ile nusu nzuri.

2. Vipimo vinafungiwa, na vilivyoshindwa vinafutwa

Hili ndilo lililonitoa ndani, kwa hiyo nivumilieni nilieleze polepole.

Chukueni mfano. Mpimaji anachagua pointi 50 mtaani. Katika pointi 30 anapata mawimbi. Katika 20 hapati kitu, ni kelele tupu. Akirudi ofisini anachora mstari wa wastani unaoonyesha mawimbi yanavyopotea kulingana na umbali. Anatumia pointi zipi? Zile 30. Zile 20 hazina namba ya kuchora, basi zinaachwa. Mstari unatoka laini, unapendeza, na unasema mtandao utafika mita kadhaa. Ila umechorwa na walionusurika peke yao. Kadiri unavyokwenda mbali ndivyo zinavyobaki pointi zilizobahatika tu, zilizopata ukuta wa kuakisi au mwanya kati ya majengo mawili, na upotevu unaonekana mdogo kuliko ulivyo. Wataalamu wa takwimu wana njia za siku nyingi za kuziingiza pointi zilizokatika ndani ya hesabu. Njia hizo zinahitaji kitu kimoja: pointi hizo ziwe zimeandikwa.

Narudi kwenye vipimo vya New York kwa sababu wenyewe hawakuficha. Waliandika kwamba ukivuka mita 200 hivi, sehemu nyingi hazikupata mawimbi kabisa. Kuanzia hapo mita 200 ikawa namba ya kuanzia mazungumzo kila ilipoulizwa minara midogo ikae umbali gani. Yaani kule kushindwa kulikoandikwa ndiko kulikopanga mji. Mficha uchi hazai, na wale walizaa.

Linganisheni na mradi nilioomba taarifa zake. Ripoti ya mwisho ina picha, ina modeli, ina jedwali la vigezo lenye tarakimu mbili baada ya nukta. Haisemi ni pointi ngapi zilijaribiwa. Nilipouliza ngapi zilikatika, niliambiwa kwa mdomo kwamba hizo hazikuwa sehemu ya uchambuzi. Nilipoomba data ghafi, niliambiwa ni mali ya mshirika wa kiwanda. Fedha ni za umma, barabara iliyopimwa ni ya umma, masafa yenyewe sheria nyingi za mawasiliano zinayahesabu kuwa rasilimali ya umma. Faili peke yake ndiyo ya kiwanda?

Na jambo hili halikuwa na uzito huu zamani. Modeli kuu inayotumiwa na 3GPP, muungano wa kimataifa unaoandika viwango vya simu, ile ambayo karibu kila mhandisi wa mtandao anaanzia kwayo, inashughulikia gigahezi 0.5 hadi 100. Inaishia hapo. Juu ya hapo kila kundi lina modeli yake, iliyotokana na vipimo vyake, vilivyofungiwa kwenye kabati lake. Tunataka kujenga ghorofa ya pili, na kila fundi ana futi kamba yake ambayo hataki mwenzake aishike.

3. Kuta, vioo, na mtu mwenyewe

Kazi ileile ya New York ya gigahezi 28 ilionyesha kwamba kioo cheupe cha ndani kinakula chini ya desibeli 4, lakini kioo cha giza cha nje ya jengo kinakula karibu 40, na nguzo ya matofali karibu 28. Kwa asiye na mazoea na desibeli: 40 maana yake katika sehemu 10,000 za nguvu inapita moja. Sasa vioo vya kuzuia joto, vilivyopakwa utando mwembamba wa metali, ndivyo vinavyohimizwa kwenye majengo mapya ili kupunguza umeme wa kupoza na kupasha vyumba. Sera moja inaziba dirisha, sera nyingine inalipia utafiti wa kupitisha mawimbi dirishani, na sijasikia kikao kilichowakalisha wenye sera hizo meza moja.

Mtu naye ni ukuta. Akikatiza kati ya simu na mnara, mawimbi ya milimita hushuka desibeli 20 na zaidi kwa kufumba na kufumbua, kisha hurudi akishapita. Mkono ulioshika simu unaweza kuziba antena yenyewe. Mwale unaweza kuzungushwa utafute njia nyingine, hilo linafanyika tayari kwenye kizazi cha tano. Swali langu ni linafanyika kwa muda gani, kwa chaji kiasi gani, watu wakiwa wangapi chumbani. Maabara nilizoingia zilikuwa na mstari mwekundu sakafuni, na mgeni anaambiwa asivuke wakati wa jaribio. Kwenye mtandao halisi mstari huo hakuna atakayeuheshimu.

4. Umeme hauhesabiwi wote

Kwenye gigahezi 140, amplifaya za silikoni, yaani vikuza mawimbi, hugeuza sehemu kubwa ya umeme kuwa joto. Ufanisi wa asilimia chache hadi kumi na kitu ni jambo la kawaida. Antena zinapangwa kwa nafasi ya nusu ya urefu wa wimbi, ambayo hapo ni kama milimita 1, kwa hiyo joto lote hilo linarundikana kwenye eneo la ukucha. Juu yake weka vibadilishaji vinavyogeuza mawimbi kuwa namba: matumizi yake ya umeme hupanda pamoja na upana wa bendi, ule uleule tunaojivunia.

Ripoti zinazonifikia zinataja nishati kwa kila biti wakati kasi iko kileleni, na mara nyingi huhesabu kipande cha redio peke yake. Mnara hautumii muda wake mwingi kileleni. Hutumia muda mwingi ukisubiri. Nataka namba iliyosomwa kwenye mita, ukutani, usiku wa manane wakati hakuna mtu anayepakua kitu.

Tumeshaona mahesabu haya yakikataa kulingana nje ya maabara, na ilikuwa kwenye gigahezi 28 tu. Korea Kusini iliyapa leseni makampuni matatu mwaka 2018, kwa sharti la kila moja kuweka vituo 15,000. Hakuna lililokaribia. Serikali ikayafutia mawili leseni zao Desemba 2022, na la tatu Mei 2023. Nchi hiyo si maskini, wala haina upungufu wa wahandisi, na watu wake hutumia simu kuliko wengi wetu.

5. Nafasi mnayoiita tupu ina wenyewe

Kila hotuba ya masafa haya huanza na mchoro wenye uwanja mpana mweupe juu ya gigahezi 100. Kanuni za Redio za ITU, tanbihi ya 5.340, zinakataza utoaji wowote wa mawimbi katika bendi kadhaa humo: 100 hadi 102, 109.5 hadi 111.8, 114.25 hadi 116, 148.5 hadi 151.5, 164 hadi 167, 182 hadi 185, 190 hadi 191.8, 200 hadi 209, 226 hadi 231.5, na 250 hadi 252. Huko husikilizwa mawimbi hafifu ya asili: setilaiti zikisoma mvuke na joto la angahewa, darubini za redio zikisoma gesi ya mbali. Picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, iliyotolewa Aprili 2019, ilitokana na mawimbi ya milimita 1.3, karibu gigahezi 230.

Sasa tazameni bendi ambazo mkutano wa redio wa ITU wa Dubai wa 2023 uliziweka kwenye ajenda ya awali ya mkutano wa 2031 kwa ajili ya simu: 102 hadi 109.5, 151.5 hadi 164, 167 hadi 174.8, 209 hadi 226, na 252 hadi 275. Zipangeni pembeni ya orodha ya juu. Kila moja imegusana na bendi iliyokatazwa, na tatu kati yake zimebanwa pande zote mbili. Ni kuweka ukumbi wa harusi kati ya wodi mbili za wagonjwa. Labda inawezekana, kama kuta ni nene. Ila amplifaya zenye ufanisi mdogo, zinazosukumwa mpaka mwisho wa uwezo wake, ndizo hasa zinazomwaga mawimbi nje ya bendi yake. Utafiti wa kuta hizo uko wapi kwenye bajeti zenu?

Somo lake tunalo tayari. Mvuke wa maji una alama yake karibu na gigahezi 22, na setilaiti za hali ya hewa husikiliza kati ya 23.6 na 24. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa redio wa ITU wa Sharm el-Sheikh, Misri, simu zilipewa bendi inayoanzia 24.25. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitaka kikomo kikali cha mawimbi yanayomwagika. Mkutano ukatoka na kikomo legevu kuliko hicho, pamoja na ahadi ya kukikaza kwa vituo vitakavyoanza kazi baada ya 1 Septemba 2027. Opereta anaweza kuhamia bendi nyingine akishinda mnada. Molekuli ya maji haihami.

6. Mtandao unaoona

Kati ya matumizi sita yaliyoorodheshwa kwenye M.2160, moja ni mtandao kutambua vitu na mienendo yake, kama rada. Hapa masafa ya juu yana nguvu kwelikweli: bendi yenye upana wa gigahezi 10 inaweza kutenganisha vitu vilivyoachana sentimita 1.5 hivi. Kwa kuzuia ajali kiwandani au kugundua mzee aliyeanguka chumbani, ni jambo jema. Lakini simu naweza kuizima nikaiacha nyumbani. Rada ya mnara hainiombi niwe na simu. Nani ataombwa idhini, na itahifadhiwa nini, kwa siku ngapi? Nimesoma mapendekezo ya miradi ambamo faragha imepewa aya moja, tena ya mwisho, iliyonakiliwa kutoka mradi uliotangulia pamoja na kosa lake la tahajia.

7. Afya, na lugha ya kuielezea

Hapa nitakuwa mfupi. Miongozo ya 2020 ya ICNIRP, tume ya kimataifa inayopendekeza vikomo vya usalama wa mawimbi, inafika hadi gigahezi 300, na fizikia yake inaeleweka: kadiri masafa yanavyopanda, mawimbi yanaishia juujuu ya ngozi, na kikomo kimewekwa ili ngozi isipate joto la kudhuru. Mwaka huohuo minara ilichomwa moto Uingereza na Uholanzi kwa uvumi. Mafundi walitukanwa barabarani kwa kazi isiyowahusu. Uvumi ule ulikuta uwanja mtupu kwa sababu sisi wenye vipimo tulikuwa tunaongea wenyewe kwa wenyewe. Mnajiandaa kwenda juu zaidi, na sijaona shilingi wala senti iliyotengwa kwa ajili ya kupima hadharani, mbele ya watu, kwa lugha wanayoiongea.

Majibu ninayoyatarajia

Mengine nimeshayapata, kwa hiyo tuokoe muda.

Mtasema antena nyingi ndogo zinafidia upotevu. Ni kweli. Kwa hesabu ya Friis ya mwaka 1946, inayokadiria nguvu inayofika kutoka antena moja hadi nyingine, ukipanda kutoka gigahezi 28 hadi 140 kwa antena zenye ukuzaji uleule, unapoteza desibeli 14. Lakini ukibakiza eneo lilelile la antena pande zote mbili, badala ya kupoteza unapata 14 za ziada. Bei yake ni kwamba mwale umekuwa mwembamba mara tano, na pale palipokaa antena moja sasa zinakaa 25, kila moja ikitaka kulishwa na kuelekezwa. Kwa nguzo mbili zisizosogea, hongera. Kwa simu iliyo mkononi mwa mtu anayekimbilia basi, nionyesheni kipimo.

Mtasema ni siri ya biashara. Muundo wa chipu unaweza kuwa siri, siudai. Namba ya desibeli zilizopotea kati ya kona moja ya barabara na nyingine si uvumbuzi wa mtu.

Mtasema utafiti wa msingi haulazimishwi kuleta matokeo. Nakubali kabisa, na ningeutetea msimamo huo mbele ya wabunge. Mimi nadai kumbukumbu. "Haikufika" nayo ni matokeo, yaandikwe.

Kisha kuna jibu la mwisho, ambalo nililipata ukumbini, kikombe mkononi, kutoka kwa mtu anayejua anachosema: kwamba wasiwasi wangu umepitwa na wakati, kwani kila mhandisi makini anajua mitandao ya kwanza ya kizazi cha sita itakaa chini zaidi. Ni kweli pia. Mkutano wa redio wa 2027 utakaofanyika Shanghai unachunguza 4.4 hadi 4.8, 7.125 hadi 8.4, na 14.8 hadi 15.35. Hakuna hata moja inayokaribia 100. Lakini hebu tulifikirie jibu hilo. Kama wahandisi makini wameshajua, wamejulishwa na nini? Ni vipimo. Vile vya pointi zilizokatika, vya mikono iliyoziba antena, vya amplifaya zilizochemka. Ujuzi huo upo, na walioko ndani wanapangia mikakati yao kwa huo. Aliye nje, iwe chuo kidogo, mamlaka ya masafa isiyo na maabara, opereta anayeombwa kununua leseni au mlipa kodi, anapewa kijitabu chenye mji unaong'aa. Wito wa miradi unaendelea kuandikwa kana kwamba simu ya gigahezi 140 iko kona ya pili. Hapo ndipo heshima yangu kwenu inapata shida.

Ninachoomba

Kwanza, kila mkataba mpya wa utafiti unaolipiwa na umma uwe na kifungu: data ghafi za upimaji zitolewe ndani ya miezi 12 baada ya mradi kwisha, zikiwa na idadi ya pointi zote zilizojaribiwa na zilizokatika. Asiyetoa asilipwe awamu ya mwisho. Mikataba iliyokwisha irudiwe kwa hiari. Nina hakika wapo watafiti watakaofurahi kufungua makabati.

Pili, hakuna mfano wa mtambo utakaotangazwa kwa kasi pekee. Pembeni ya kasi ziandikwe namba nne: umbali, watu waliokuwa wakitembea katikati, simu ilishikwaje, na umeme uliosomwa kwenye mita, ukiwemo ule wa kusubiri.

Tatu, tengeni fungu kwa ajili ya kurudia vipimo vya wengine. Hakuna anayepata shahada kwa kurudia, kwa hiyo bila fungu hakutafanyika. Fungu hilo liende pia mahali penye mvua kubwa na unyevu mwingi. Kwa modeli ya ITU, mvua ya milimita 100 kwa saa inakula karibu desibeli 18 kwa kilomita kwenye gigahezi 28, na karibu 30 kwenye 100. Kwa mita 200 zinavumilika, sitaki kutia chumvi. Lakini modeli za mvua zimelelewa zaidi na vipimo vya nchi za baridi, na mvua ya tropiki haijasoma modeli hizo.

Nne, wanasayansi wa hali ya hewa na wa anga wawe na kura kwenye kamati zenu za kuchagua miradi ya juu ya gigahezi 100. Kura, siyo kiti cha mwalikwa. Wawe nayo kabla ya Oktoba 2027, kwa sababu Shanghai ndiko ajenda ya 2031 itakakothibitishwa, na ikishathibitishwa tutaambiwa tumechelewa.

Tano, mradi wowote wa mtandao kutambua watu usilipwe mpaka useme kwa maandishi ni nini kinazimwa pale mtu asipotoa idhini, na kinazimwaje.

Kwa upande wangu, nimeanza na daftari langu mwenyewe. Vipimo vyangu vya mawimbi ya milimita nilivyo na haki navyo nimevipanga upya, pamoja na pointi zilizokatika, pamoja na siku mbili nzima nilizopima huku waya mmoja umelegea bila kujua. Nitavitoa kwa yeyote atakayeomba, hata kama ni kwa ajili ya kunikosoa.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 60. Likija nitalichapa lote chini ya barua hii, bila kulipunguza, hata kama linanisuta.

Wenu katika kazi,

Mhandisi wa vipimo vya mawimbi